Mwenye Kazi ni Mwenye Ruzuku

Mwaka 1977 daktari mmoja kutoka Savur, mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Uturuki, alimaliza shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Richardson, kaskazini mwa jiji la Dallas. Jina lake Aziz Sancar. Akiwa bado mwanafunzi alikuwa amefanikiwa kuitenga jeni ya kimeng'enya kinachotumia mwanga kurekebisha chembeurithi zilizoharibiwa na miale ya jua, kazi ambayo ingetosha kumfungulia mlango wowote. Aliomba nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu katika maabara tatu, na zote zikamkataa. Akaenda Chuo Kikuu cha Yale kuajiriwa kama fundi wa maabara, cheo ambacho kwetu hupewa kijana mwenye stashahada. Mwaka 2015 alitunukiwa Nobel ya kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, na sehemu muhimu ya kazi iliyompa heshima hiyo aliianza pale Yale, alikoingia kwa mlango wa ufundi.

Kisa hiki kikisimuliwa huishia kuwa mahubiri ya uvumilivu. Uvumilivu ulikuwepo, lakini kina jambo jingine lenye faida zaidi kwa kijana anayetafuta kazi. Sancar hakuokota kazi ya ufundi popote. Aliingia katika maabara ya Dean Rupp, mtu aliyeshughulika na jambo lile lile lililomkosesha Sancar usingizi: namna chembehai zinavyojirekebisha. Hata Richardson alifika kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa amekwisha kupita Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, hakupaweza, akarudi kwao. Alipovuka bahari mara ya pili alimfuata Claud Rupert, mgunduzi wa kimeng'enya kile, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Texas. Mara mbili katika maisha yake alichagua mtu na meza ya kazi, na jina la cheo akaliacha lijitafutie nafasi baadaye.

Hilo ndilo jambo ambalo vijana wengi wa Afrika Mashariki walioko Texas, na wengi zaidi wanaotamani kwenda huko, hawaambiwi. Huambiwa watafute chuo chenye jina, kisha wasubiri tangazo.

Ajira za mwanzo za utafiti katika sayansi na uhandisi haziko mikononi mwa ofisi ya utumishi ya chuo. Ziko mikononi mwa profesa mwenye ruzuku. Profesa huandika andiko, huliombea fedha kwa mfuko wa serikali kuu, wa jimbo au wa watu binafsi, na ndani ya bajeti yake kuna mstari wa mwanafunzi msaidizi, mstari wa fundi na mstari wa mtafiti aliyemaliza uzamivu. Fedha zikiingia, kazi zinazaliwa. Zikiisha, kazi zinakufa, hata kama mwajiriwa alikuwa hodari kuliko wote. Tangazo linalobandikwa kwenye tovuti ya chuo ni hatua ya mwisho ya safari hiyo, na si ajabu kukuta kwamba mtu wa kuijaza nafasi ameshajulikana tangu muhula uliopita, kwa sababu alikuwa darasani kwa profesa huyo huyo na aliuliza swali zuri.

Kwa bahati nzuri, Marekani haifichi habari za fedha hizo. Mfuko wa Taifa wa Sayansi, unaojulikana kwa kifupi NSF, una daftari la mtandaoni linaloonyesha kila ruzuku: jina la mtafiti mkuu, kiasi cha fedha, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na muhtasari wa kazi yenyewe. Taasisi za Taifa za Afya, NIH, zina lao liitwalo RePORTER. Kijana wa Richardson anayeandika jina la chuo chake katika madaftari hayo atajua, kwa muda usiozidi saa moja, ni nani kapata fedha mpya miezi mitatu iliyopita na ni nani anamalizia senti za mwisho. Wa kwanza anatafuta watu, wa pili anatafuta namna ya kuwaaga. Kuwaandikia wote wawili barua moja ni kupoteza nusu ya jasho.

Tangu mwaka 2025 madaftari hayo yamekuwa ya lazima zaidi. Serikali ya Washington ilifuta ruzuku nyingi zilizokwisha kutolewa, na Februari mwaka huo NIH ilitangaza kupunguza hadi asilimia 15 fedha zinazolipwa vyuo kwa gharama za uendeshaji, hatua iliyozuiwa mahakamani. Ufadhili wa NSF kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, uliokuwapo tangu 1952, ulitolewa awali kwa watu 1,000 tu, nusu ya kawaida yake, kabla ya wengine kuongezwa. Profesa ambaye hajui kama fedha zake zitakuwapo mwezi ujao haajiri mtu, hata ampende namna gani.

Lakini Texas ina mifuko yake. Mwaka 2007 wapiga kura wa jimbo hilo waliidhinisha dola bilioni 3 kwa utafiti wa saratani, na mwaka 2019 wakaongeza bilioni 3 nyingine. Fedha hizo hupitia taasisi iitwayo CPRIT, na ndizo zinazolipa mishahara ya vijana wengi katika maabara za chuo cha tiba cha UT Southwestern mjini Dallas na katika hospitali na vyuo vya Houston. Wakfu wa Welch, wenye makao Houston, umekuwa ukifadhili utafiti wa kemia ndani ya Texas tangu 1954. Upande wa uhandisi, Texas Instruments ina viwanda viwili vikubwa vya vipande vya kielektroniki hapo hapo Richardson na inajenga vingine Sherman, mwendo wa saa moja kwa gari kuelekea kaskazini, ikisaidiwa na sehemu ya ruzuku ya hadi dola bilioni 1.6 ya serikali kuu. Mwanafunzi wa fizikia au wa uhandisi wa umeme anayelalamika kwamba Washington imefunga mkono bila kuitazama mifuko hii hajatafuta.

Richardson yenyewe ina historia inayofaa kusomwa na mawaziri wa elimu wa Dodoma na Nairobi. Chuo hakikuanza na madarasa. Mwaka 1961 wakuu watatu wa Texas Instruments, yaani Erik Jonsson, Cecil Green na Eugene McDermott, walichoka kuagiza wataalamu kutoka majimbo ya mbali huku vijana wa Texas wenye vichwa wakiondoka kwenda kusoma kwingine. Miaka mitatu nyuma yake mhandisi wao Jack Kilby alikuwa ametengeneza saketi unganishi ya kwanza, na kampuni ilihitaji watu wa kiwango hicho kwa wingi. Wakaanzisha kituo cha utafiti kwenye mashamba ya Richardson. Mwaka 1969 walikikabidhi kwa jimbo kikawa Chuo Kikuu cha Texas cha Dallas. Kwa miaka kadhaa kilipokea wanafunzi wa shahada za juu peke yao, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakukanyaga pale hadi 1990. Desemba 1972, katika safari ya Apollo 17, wanaanga waliacha mwezini chombo cha kupima gesi kilichosimamiwa na John Hoffman, mwanasayansi wa chuo hicho. Kwa maneno mengine, chuo kilikuwa na chombo mwezini miaka 18 kabla ya kuwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Tabia hiyo ya maabara kutangulia darasa haijapotea. Taasisi ya nanoteknolojia ya chuo hicho, iliyoasisiwa na Ray Baughman na kuimarishwa na Alan MacDiarmid, mshindi wa Nobel ya kemia ya mwaka 2000, kwa miaka mingi imewachukua hata wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo ya majira ya joto na kuwapa kazi halisi ya benchi. Mtoto wa Mkenya anayesoma Berkner, sekondari ya umma ya Richardson, anaweza kuanza kushika hadubini akiwa na miaka 16. Anayesoma kampasi ya Richland ya Dallas College, chuo cha jamii chenye ada nafuu kilicho jirani kabisa, anaweza kuhamia chuo kikuu mwaka wa tatu akiwa tayari anajua kuandika daftari la maabara. Ukiwauliza wazazi kwenye harusi au harambee watoto wanasomea nini, hata hivyo, majibu mawili hutawala: uuguzi na kompyuta. Hakuna ubaya. Uuguzi umejenga nyumba nyingi Kisii na Moshi. Ila mtoto anayependa kemia huelekezwa kwenye uuguzi kwa sababu hakuna mjomba wala shangazi aliyewahi kulipwa na ruzuku, na hilo ni pengo la habari, halina uhusiano na akili.

Halafu zinakuja karatasi.

Hapa ndipo vijana wawili wa Afrika Mashariki waliokaa dawati moja wanapotengana. Aliyezaliwa Marekani, au aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza akapata ukazi wa kudumu, anaweza kuomba programu za majira ya joto za NSF kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zilizoanza 1987, ambazo humlipa posho kwa takribani wiki 10 za utafiti katika vyuo mbalimbali nchini. Mwenzake mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi. Yeye ana saa 20 kwa wiki za kazi ndani ya chuo wakati wa muhula, na akimaliza shahada anapata miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yake, kisha miezi 24 zaidi ikiwa fani ni ya sayansi au uhandisi. Miaka hiyo mitatu ni mali. Anayeitumia miezi ya kwanza kutafuta kazi ya jina kubwa anakula mtaji.

Baada ya hapo, njia ya kawaida ilikuwa viza ya kazi ya H-1B, na vyuo vikuu vilikuwa na upendeleo mkubwa: havikuhesabiwa katika kikomo cha viza 85,000 kwa mwaka kinachozibana kampuni. Septemba 2025 Rais Donald Trump aliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo kwa watu walioko nje ya nchi. Januari 2026 Gavana Greg Abbott wa Texas akaongeza lake: mashirika ya jimbo na vyuo vikuu vya umma visipeleke maombi mapya ya H-1B hadi 31 Mei 2027, isipokuwa kwa idhini maalumu. Agizo hilo linaigusa Richardson, linaigusa UT Southwestern, linakigusa Chuo Kikuu cha Houston. Halivigusi vyuo binafsi. Kwa hiyo mhitimu wa uzamivu mwenye pasipoti ya Kenya anayetaka kubaki Texas leo ana sababu ya kuzitazama kwanza Rice na Chuo cha Tiba cha Baylor mjini Houston, na SMU pale Dallas, kabla ya vyuo vya jimbo alivyozoea kuviona kuwa rafiki.

Kwa Mtanzania aliyeko nyumbani hali ni nzito zaidi. Tangazo la Ikulu ya Marekani la Desemba 2025 liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya sehemu, na kuanzia 1 Januari 2026 utoaji wa viza mpya za wanafunzi na za watafiti wageni kwa raia wake ulisitishwa, kukiwa na misamaha michache. Burundi ilikuwa imetangulia mwezi Juni. Mawakala wa Dar es Salaam wanaoendelea kuchukua fedha za wazazi kwa ahadi ya nafasi Texas bila kulitaja jambo hilo wanastahili kuulizwa maswali makali.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakiwekwi na serikali yoyote, nacho ni barua yenyewe. Kijana aliyelelewa katika ofisi zetu amefundishwa kwamba barua huenda kwa mkubwa kupitia kwa mkubwa mwingine, yenye K.K. ya mkuu wa idara, salamu ndefu, na sentensi ya kunyenyekea kwamba mwombaji yuko tayari kwa kazi yoyote atakayopangiwa. Nyumbani huo ni uungwana. Kwa profesa wa Texas anayepokea makumi ya barua pepe kwa siku, kazi yoyote maana yake hakuna kazi. Anachotaka ni aya mbili: makala yake ipi umesoma, ni sehemu gani imekushangaza, unajua kutumia chombo gani au lugha gani ya kompyuta, na una saa ngapi kwa wiki. Kijana wa miaka 19 humwandikia moja kwa moja bila kupitia kwa mtu, na hakuna anayemwona mtovu wa adabu.

Na alama zielezwe. Katika vyuo vingi vya Kenya na Tanzania asilimia 70 ni A. Marekani asilimia 70 ni C. Mwombaji anayetuma matokeo yake bila mstari mmoja wa maelezo anajishusha mwenyewe madaraja mawili.

Wapo watakaopinga, na wana hoja. Watasema kumshauri mwenye shahada akubali cheo cha fundi ni kumkabidhi kwa watu wanaoishi kwa nguvu kazi ya bei rahisi. Ni kweli kwamba maabara nyingi za Marekani zinaendeshwa na mikono ya wageni walioshikwa na viza. Kiwango cha NIH cha mtafiti aliyetoka tu kwenye uzamivu kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka 2024, chini ya anachopata muuguzi mzoefu wa Dallas, na fundi mara nyingi yuko chini ya hapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wahenga hawakusema ainame mpaka lini. Cheo cha chini kinafaa pale tu ambapo mtu anajifunza chombo au mbinu ambayo hana, na ambapo jina lake linaingia kwenye makala anazozifanyia kazi. Swali la jina kwenye makala liulizwe kabla ya kusaini mkataba, kwa sauti ya kawaida kabisa, na profesa anayekasirika kwa kuulizwa ameshatoa jibu. Kazi ya kujitolea bila malipo kwa miezi kadhaa ni ya watoto wa matajiri. Anayetuma fedha nyumbani kila mwezi asiiguse, na mwenye viza ya mwanafunzi asiiguse bila kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Barua ya ajira nayo si ajira. Wangari Maathai alilijua hilo mapema. Alisoma Kansas, akachukua shahada ya uzamili Pittsburgh, na Januari 1966 akarudi Nairobi akiwa na barua ya kuajiriwa mtafiti msaidizi wa profesa wa zuolojia katika chuo kikuu kishiriki cha huko. Alipofika aliambiwa nafasi imepewa mtu mwingine, na mwenyewe aliamini kabila lake na jinsia yake ndivyo vilivyomponza. Aliyemwokoa alikuwa Mjerumani, Profesa Reinhold Hofmann kutoka Giessen, aliyekuwa akiunda idara mpya ya anatomia ya mifugo na kuhitaji mtu anayejua kutayarisha na kuchunguza tishu. Ujuzi huo Maathai alikuwa ameutoa Marekani. Mwaka 1971 alipata uzamivu, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Kilichompa kazi ni idara mpya, fedha mpya na ustadi wa mikono, na barua yenye mhuri ikabaki karatasi.

Nairobi na Dar es Salaam hazijajifunza vya kutosha kutokana na hilo. Kwetu njia za mwanzo ni mbili tu na ni nyembamba: ukufunzi msaidizi, unaotaka wastani wa 3.8 kati ya 5 kwa upande wa Tanzania, na foleni ya ajira za serikali. Aliyepata 3.7 na mikono ya dhahabu hana pa kuingilia, kwa sababu ruzuku zinazoweza kumlipa fundi au msaidizi kwa miaka miwili ni chache mno. Sheria ya Kenya ya sayansi na teknolojia ya 2013 ilitaka mfuko wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa. Fedha hizo hazijawahi kukaribia kiwango hicho. Wafanyabiashara watatu wa Texas walitoa za mfukoni mwao na kujenga kituo cha watafiti kabla ya kujenga ukumbi wa mihadhara. Matajiri wa Afrika Mashariki wamejenga hoteli, viwanja vya mpira na majengo ya vyuo yenye majina yao, lakini mfuko wa kudumu wa kulipa watafiti vijana ni nadra kusikika.

Mfano wa kujifunzia hauko mbali. Chuo Kikuu cha Rice cha Houston, kupitia taasisi yake ya Rice 360, kimeshirikiana na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam kuanzisha karakana ya ubunifu ambako wanafunzi hutengeneza vifaa vya hospitali kwa matatizo yanayoonekana wodini. Kijana aliyefungiwa mlango wa viza anaweza kupata pale kitu ambacho maabara ya Texas inakitambua: kifaa alichokitengeneza na daftari la namna alivyokijaribu. Uzito wa vitu hivyo mbele ya profesa yeyote unazidi cheti cha semina.

Vyama vya Wakenya na Watanzania wa Dallas na Houston, ambavyo vinajua vizuri kuchanga kwa ajili ya msiba na harusi, vingefanya jambo la maana vikitenga jioni moja kila Novemba kwa ajili ya wanafunzi: mtafiti mmoja wa jamii yetu, kompyuta moja, na madaftari yale mawili ya ruzuku yakiwa wazi ukutani. Mwezi huo una sababu yake. Programu nyingi za utafiti za majira ya joto hupokea maombi hadi kati ya Januari na Machi, na anayeanza kuuliza mwezi Mei hukuta nafasi zimekwisha.